Kavalie ya diski: maana yake na kazi yake

Kavalie, au jampa kwa wanaofuata Kiingereza, ni kipande kidogo cha plastiki chenye chuma ndani, ambacho huvishwa kwenye pini mbili nyuma ya diski ngumu (kifaa cha kuhifadhia data ndani ya kompyuta) ya aina ya IDE, yaani mtindo wa zamani wa kuiunganisha diski na kompyuta, ili kuziunganisha pini hizo. Jina la Kifaransa, ambalo sisi wa Bukavu tumelizoea zaidi, humaanisha mpanda farasi, nami naliona limefaa, maana kipande hicho kweli hukaa juu ya pini zake kama mtu aliyepanda mnyama, mguu huku na mguu huku.

Kazi yake huanzia kwenye kebo. Kebo ya IDE, ile bapa yenye matundu 40, hubeba hadi diski mbili, na kila amri itokayo kwenye ubao mkuu wa kompyuta (motherboard) huzifikia zote kwa pamoja, hivyo ni lazima kila diski ijue kama inaitwa yenyewe au mwenzake. Kavalie ndiyo inayoipa diski namba: ikikaa penye MA (master) kwenye kibandiko cha diski, diski huwa namba 0, ikikaa penye SL (slave), huwa namba 1. Diski mbili zikiwekwa zote MA, ni kama kumwita Bahati mahali penye akina Bahati wawili: zote huitika kwa mpigo, na mara nyingi kompyuta haioni hata moja. Fundi mwenye haraka husema diski imekufa, kumbe imekosa namba tu.

Nafasi ya tatu, CS (cable select), huiachia kebo iamue. Hapo hutakiwa kebo ya nyaya 80, ambayo kichwa chake cha bluu huingia kwenye ubao mkuu, cheusi cha mwishoni hupewa diski namba 0, na cha kijivu cha katikati namba 1. Mstari mwekundu pembeni mwa kebo huonyesha pini ya kwanza, ambayo kwa diski nyingi iko upande wa plagi ya umeme.

Diski nyingi za IDE za kampuni ya Western Digital zina desturi yao: diski ikiwa peke yake kwenye kebo, kavalie huondolewa, kwa kuwa MA kwao humaanisha kwamba mwenzake yupo, na diski inayomngoja mwenzake asiyekuwepo huenda isionekane kabisa.

Tangu SATA, mtindo mpya uliochukua nafasi ya IDE, ilipoingia sokoni mwaka 2003, kila diski ina kebo yake nyembamba ya pini 7, na suala la namba halipo tena. Baadhi ya diski hizo bado zina pini za kavalie, lakini kwa kawaida ni za kupunguza kasi hadi gigabiti 1.5 kwa sekunde ili zikubaliane na ubao wa zamani. Kwa hiyo anayeletewa diski ya SATA isiyoonekana, iwe Kadutu au Ibanda hapa Bukavu, aanze na kebo na plagi ya umeme.