"Hana uwezo." Uwezo wa nini?

Mwaka wangu wa kwanza wa uuguzi hapa Uingereza niliandika kwenye faili la mgonjwa sentensi ambayo hadi leo ikinijia naona aibu: "Hana uwezo wa kuamua." Alikuwa bibi wa miaka themanini na kitu, mwenye ugonjwa wa kusahau, na usiku ule alikataa katakata kufunguliwa kidonda cha mguuni. Asubuhi msimamizi wa wodi akaniita, akaweka kidole juu ya maneno yangu na kuuliza: "Uwezo wa kuamua nini?" Sikuwa na jibu.

Nawaandikia wenzangu mnaotoka nyumbani kuja kufanya kazi England na Wales (Scotland ina sheria yake), kwa sababu swali lile ndilo kiini cha Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya 2005. Sheria hii haiulizi kama mtu ana akili timamu. Inauliza kama mtu huyu, saa hii, anaweza kuamua jambo hili. Bibi anaweza asijue leo ni siku gani na bado akajua vizuri kama anataka mguu wake uguswe. Kinachotazamwa ni kama anaelewa anachoambiwa, anakishika kichwani kwa muda unaotosha kuamua, anapima faida na hasara, kisha anaeleza uamuzi wake kwa njia yoyote, hata kwa kufumba na kufumbua macho. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilikazia kwamba tuanzie hapo, kisha ndipo tuulize kama kushindwa kwake kunatokana na hitilafu ya akili au ubongo. Mimi nilikuwa nimeanzia kwenye jina la ugonjwa, na nikaishia hapohapo.

Kesi iliyonifungua macho ni ya kabla ya sheria hiyo. Mwaka 1993, mgonjwa wa miaka 68 aliyekuwa Broadmoor, hospitali ya ulinzi mkali, aliota donda-ndugu mguuni. Alikuwa na skizofrenia, ugonjwa mkubwa wa akili, na aliamini kwamba yeye ni daktari mkubwa wa kimataifa. Daktari wa upasuaji alimweleza kuwa asipokatwa mguu chini ya goti, nafasi yake ya kupona ni kama asilimia 15. Akakataa. Akakubali kusafishwa kidonda na kupewa dawa, na hatari ya wakati ule ikapita. Hospitali ilipokataa kuahidi kwamba haitamkata hata baadaye, akaenda mahakamani. Jaji Thorpe akamkubalia: mguu usikatwe bila ridhaa yake ya maandishi. Ugonjwa wake ulikuwa mkubwa kweli, lakini maelezo kuhusu mguu aliyaelewa, akayaamini kwa namna yake, akayapima. Natamani kila muuguzi wa magonjwa ya akili aijue hukumu hiyo kabla ya kushika sindano.

Linalotusumbua zaidi sisi ni ndugu. Tumezoea kwamba wenye mgonjwa ndio wanaosema: kaka mkubwa anapigiwa simu, mjomba anasubiriwa, na mgonjwa mwenyewe anaambiwa yaliyokwisha amuliwa. Hapa, mtoto hana mamlaka ya kutoa ridhaa ya matibabu kwa niaba ya mama yake kwa kuwa tu ni mtoto wake. Anayeweza ni yule aliyepewa na mama mwenyewe uwakala wa kudumu (lasting power of attorney) wa mambo ya afya, tena pale tu mama anaposhindwa kuamua mwenyewe. Mahakama nayo inaweza kuteua mtu. Hata hivyo ndugu hawatupwi. Mgonjwa asipokuwa na uwezo, sheria inatutaka tuwaulize, na swali linabadilika: badala ya "mnataka tufanye nini?" tunauliza "mama angetaka nini?" Nimeona mabinti wakitulia kabisa kwa swali hilo, maana linawatua mzigo ambao kwetu hubebeshwa mtu mmoja.

Msichanganye sheria hii na Sheria ya Afya ya Akili ya 1983, ambayo kwa masharti yake inaruhusu mtu kuzuiwa na kutibiwa maradhi ya akili hata akiwa na uwezo wa kukataa. Muuguzi wa fani hiyo anaweza, kwa kifungu cha 5(4), kumzuia asiondoke mgonjwa aliyekwisha lazwa kwa tiba ya akili, kwa muda usiozidi saa 6, hadi daktari afike. Lakini kifungu hicho peke yake kinamzuia mgonjwa mlangoni tu. Hakikupi ruhusa ya kumchoma sindano asiyoitaka.

Narudi kwa bibi. Sheria inasema mtu asihesabiwe hana uwezo kabla hajasaidiwa kwa kila njia inayowezekana. Tulimwendea saa nne asubuhi, tukabadilisha betri ya kifaa chake cha masikio, nikaketi tukatazamana uso kwa uso. Akaniambia usiku ule mguu ulikuwa unawaka na mimi nilikuja na mkasi kabla ya dawa ya maumivu. Nikampa dawa, tukasubiri. Baadaye akanyoosha mguu mwenyewe. Kisigino alikataa nisikiguse, nikakiacha. Nikafungua faili na kuandika alichokubali, alichokataa, na sababu yake kwa maneno yake mwenyewe.