Mtoto wa mama Mkenya aliyezaliwa Saudia ni Mkenya, msiuziwe karatasi

Tangu serikali itangaze mwaka 2023 kwamba itachukua sampuli za DNA za akina mama Wakenya na watoto wao kule Saudi Arabia, maswali hayajaisha kwetu sisi tunaoshughulikia kesi hizi, na wanaouliza sana ni nyanya na mashangazi walio huku nyumbani. Nitajibu yale yanayorudi kila wiki.

Uraia kwanza. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama au baba yake alikuwa raia, awe amezaliwa Kenya au nje. Mama au baba. Hakuna mahali imeandikwa mama aliyeolewa, wala mama mwenye iqama, yaani kibali cha ukaazi, haijaexpaya, wala mama ambaye hakutoroka kwa kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini. Kwa hivyo huyo ejenti anayewaambia wasichana ati mtoto wa kemboi, yaani aliyetoroka mwajiri, hana nchi na anataka pesa amtengenezee uraia, anawaibia tu. Uraia huo mtoto alizaliwa nao. Kinachokosekana ni ushahidi, na hapo ndipo shida iko.

Kule Saudia cheti cha kuzaliwa kinafuata cheti cha ndoa, uraia wao unapita kwa baba, na uhusiano nje ya ndoa ni kosa la jinai. Basi mama anaogopa hospitali, anajifungulia kwa chumba cha marafiki, na mtoto anafika miaka minne, mitano, hana karatasi hata moja. Shule haingii. Kwa mitambo ya nchi ile huyo mtoto hajawahi kuingia wala kuzaliwa, sasa atatokaje?

Tafadhali someni hapa polepole maana hapa ndipo watu wanatugombeza bure. Karatasi ni mbili na zinatoka serikali mbili. Ubalozi wetu Riyadh unaweza kutoa cheti cha dharura cha kusafiria, ukisharidhika kwamba mtoto ni wa Mkenya. Ruhusa ya kutoka inatolewa na Jawazat, yaani idara ya paspoti ya Saudia, na hakuna afisa wa Kenya anayeweza kuigonga muhuri, hata akipigiwa simu na mheshimiwa nani. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, Saudia 1996, na kifungu cha 10 kinataka maombi ya kuingia au kutoka nchi ili mtoto awe na mzazi wake yashughulikiwe kwa utu na kwa haraka, ingawa Saudia iliweka sharti kwamba haifungwi na kipengele kinachopingana na sheria ya Kiislamu. Kwa hivyo tunaomba, tunafuatilia, tunaomba tena.

Kuhusu DNA, sio kwamba tunawaona waongo. Kipimo chenyewe ni pamba ndogo inasuguliwa ndani ya shavu la mama na la mtoto, kila moja inawekwa kwa bahasha yake, inaandikwa jina, inafungwa, inaenda maabara, haiumi. Tunakitaka kwa sababu mtoto asiye na karatasi ni rahisi kuibwa au kuuzwa, na ukimsafirisha kama wako kumbe ni biashara, Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2010 inasema kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili, na ukirudia ni maisha. Kwa mama wa kweli pamba hiyo ndiyo cheti chake.

Na baba? Kama hajulikani au amekimbia, mtoto anasajiliwa kwa jina la mama, hiyo isiwachelewishe. Kama baba ni Mkenya mwenzako mliyekutana huko, Mahakama Kuu mwaka 2016 ilitupilia mbali kipengele kilichozuia jina la baba kuingia kwenye cheti kama hamjaoana, na Katiba kifungu cha 53 inampa wajibu sawa na wako.

Lililo zito zaidi ni hili. Mama akichoka anajipeleka ashikwe, anaingia tarhili, kile kizuizi cha wanaongoja kurudishwa kwao, anarudishwa Nairobi peke yake, mtoto amebaki kwa rafiki ambaye naye hana karatasi. Alinyamaza kwa kuogopa kesi, na uoga huo naelewa, lakini ukishapanda ndege bila mtoto, kuwaunganisha tena ni kazi mara kumi. Ukishikwa omba kuongea na ubalozi na useme una mtoto, jina lake, yuko mtaa gani, kwa nani. Na nyinyi wa huku msingoje: kopi ya kitambulisho cha mama, cheti chake cha kuzaliwa, picha ya mtoto, namba ya yule anayemlea, pelekeni Idara ya Masuala ya Diaspora leo, kabla mama hajashikwa.