Tetemeko limepita, kinu cha nyuklia bado kina joto: maswali na majibu kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi

Kila tetemeko kubwa likiripotiwa Japani, ujumbe wa kutisha hufuata kwenye simu: mvua ya sumu inakuja, msile samaki, kunyweni chumvi. Haya ni maswali yanayoulizwa zaidi, na majibu yake.

Tetemeko likikitikisa kinu cha nyuklia, hulipuka kama bomu?

Hapana. Urani, madini ambayo ndiyo fueli ya kinu cha kawaida cha umeme, ina sehemu inayopasuka ya asilimia 3 hadi 5 tu, na kwa kiwango hicho bomu halitengenezeki. Vinu vilivyo kwenye nchi za matetemeko vina vifaa vya kupima mtikisiko. Ardhi ikitikisika kupita kiwango kilichowekwa, vijiti vya kuzimia huingia vyenyewe katikati ya fueli, na baada ya sekunde chache upasukaji wa atomi unasimama. Ndivyo ilivyokuwa Fukushima Daiichi, kituo cha umeme wa nyuklia cha Japani, tarehe 11 Machi 2011. Tetemeko lilikuwa la kipimo cha 9.0, na vinu vyote vitatu vilivyokuwa kazini vilizima.

Kama vilizima, mbona viliharibika?

Fikiria jiko la mkaa. Ukiepua sufuria na kuziba mlango wa hewa, makaa hayapoi papo hapo. Fueli ya nyuklia nayo iko hivyo, ila yenyewe huendelea kutoa joto kwa miezi na miaka, na huwezi kuimwaga nje ikapoe. Kinu kikubwa chenye joto la megawati 3,000 kikizimwa, dakika ile ile bado kinatoa kama asilimia 6 ya joto lake. Baada ya saa moja hubaki takriban asilimia 1.5, na baada ya siku nzima kama nusu asilimia, yaani megawati 15. Nusu asilimia inasikika ndogo, lakini inatosha kugeuza lita 6 hivi za maji kuwa mvuke kila sekunde. Kwa siku ni karibu lita 500,000, sawa na maboza 50 ya lita 10,000. Maji hayo lazima yasukumwe ndani usiku na mchana, na pampu zinataka umeme.

Fukushima, tetemeko lilikata umeme wa gridi. Jenereta za dizeli zikawaka zenyewe, na kwa muda mambo yakaenda sawa. Dakika kama 50 baada ya tetemeko, wimbi la tsunami la mita 14 hivi likapita juu ya kinga iliyojengwa kwa kukisia wimbi la chini ya mita 6. Jenereta nyingi, pamoja na makabati ya swichi za umeme, zilikuwa vyumba vya chini ya ardhi. Maji ya bahari yakazizima. Jenereta moja tu, iliyokuwa mahali pa juu na kupozwa kwa hewa badala ya maji ya bahari, iliendelea kufanya kazi, na hiyo ndiyo iliyoviokoa vinu namba 5 na 6.

Kwingine maji yakachemka hadi vijiti vya fueli vikabaki wazi. Ganda la vijiti hivyo ni madini ya zirkoniamu, na likifika joto la nyuzi 1,200 hivi hushikana na mvuke na kutoa gesi ya haidrojeni kwa wingi. Gesi hiyo ndiyo iliyolipua majengo tarehe 12, 14 na 15 Machi. Kilichovitoa paa vile vinu ni gesi iliyokosa pa kutokea, si bomu la atomi.

Kwa hiyo ukisikia kinu kimepigwa na tetemeko, usiulize tu kama kimezima. Uliza kama kina umeme, kama pampu zinazunguka, na kama bwawa la kupozea fueli iliyotumika bado limejaa maji. Kituo kingine cha nyuklia, Onagawa, kilikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko lile lile, lakini kilijengwa kwenye uwanja wa karibu mita 14 juu ya bahari na kikabaki na umeme. Kilizimwa salama, na majirani mamia waliopoteza nyumba wakapewa hifadhi humo.

Mionzi iliua watu wangapi Fukushima?

Hakuna aliyekufa kwa ugonjwa wa ghafla wa mionzi. Ugonjwa huo, wa kutapika na damu kupungua, huanza mwili ukipokea kama milisivati 1,000 (milisivati ni kipimo cha mionzi mwilini) kwa muda mfupi. Kwa kulinganisha, picha ya eksirei ya kifua ni sehemu ya kumi ya milisivati au chini ya hapo, na binadamu kwa wastani hupata milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, hewa na anga. Mfanyakazi aliyepata nyingi kuliko wote pale alipokea chini ya 700. Mwaka 2018 serikali ya Japani ilikubali kuwa kifo cha mfanyakazi mmoja kwa saratani ya mapafu kilihusiana na mionzi na kilistahili fidia.

Lililoua wengi ni kuhama. Wagonjwa wa vitandani na wazee wa nyumba za kulelea walipakiwa kwenye mabasi kwa haraka, bila dawa, maji wala wauguzi wa kutosha, na baadhi walifia njiani. Vifo vilivyotokana na uhamaji na maisha ya makambini katika mkoa wa Fukushima vimepita 2,000. Inauma, kwa sababu wengi wao wangekuwa salama kwa kukaa ndani siku chache hadi usafiri wenye huduma upatikane.

Sumu hiyo inaweza kufika huku kwetu?

Kutoka Fukushima hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 11,000. Chembe zake za mionzi zilipimwa hata Ulaya na Marekani mwaka 2011, lakini kwa kiasi kidogo mno kuweza kudhuru afya. Afrika nzima ina kituo kimoja tu cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi, Koeberg karibu na Cape Town, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka hapa. Misri inajenga kingine El Dabaa. Urani iliyoko Namtumbo, jirani zetu wa Ruvuma, ni ya ardhini. Hoja zake za afya ni vumbi, radoni (gesi ya mionzi itokayo ardhini) na maji ya mgodi, si fueli ya kinu kuyeyuka kwa joto.

Ninywe chumvi nyingi au nijipake iodini shingoni?

Usifanye lolote kati ya hayo. Machi 2011 Wachina waligombania chumvi madukani, na Ufilipino ulisambaa ujumbe wa simu ukiwataka watu wajipake shingoni dawa ya vidonda yenye iodini. Haisaidii, na ukiinywa inadhuru.

Jambo lenyewe ni hili. Kinu kikivuja, hutoa iodini yenye mionzi. Tezi ya shingoni haitofautishi iodini hiyo na iodini ya kawaida, yaani madini joto, inameza zote. Kidonge cha iodidi ya potasiamu huijaza tezi mapema ili ile ya mionzi ikose nafasi. Mtu mzima, hata mama mjamzito, hupewa miligramu 130. Mtoto wa miaka 3 hadi 12 miligramu 65. Wa mwezi mmoja hadi miaka 3 miligramu 32. Kichanga miligramu 16. Humezwa kuanzia saa 24 kabla ya wingu la mionzi kufika hadi saa 2 baada yake. Mpaka saa 8 bado kinafaa. Ukipita siku nzima madhara yanaweza kuzidi faida. Hakizuii mionzi mingine, na waliopita miaka 40 hawana faida kubwa nacho. Humezwa kwa agizo la mamlaka ya afya tu.

Sasa piga hesabu ya chumvi. Kidonge cha mtu mzima kina miligramu 100 za iodini. Chumvi yenye miligramu 40 za iodini kwa kilo ingebidi uile kilo mbili na nusu. Utakufa kwa chumvi kabla ya mionzi.

Lakini madini joto ya kila siku yana maana kubwa. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, ya 26 Aprili 1986, watoto walikunywa maziwa ya ng'ombe waliokula majani yenye iodini ya mionzi, na wengi waliishi maeneo yenye upungufu wa madini joto. Tezi zenye njaa zilivuta sumu zaidi. Kufikia 2005 saratani za tezi zilizogunduliwa kwa waliokuwa watoto zilipita 6,000. Huku pwani chumvi ya mashamba yetu mara nyingi huuzwa kwa kopo bila kuwekewa madini hayo, na hasara yake ipo leo bila kinu chochote: rovu, mimba kuharibika, watoto kudumaa akili. Nunua ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, iweke kwenye chombo chenye mfuniko mbali na jua na moto, na itie chakula kikikaribia kuiva. Bwana afya ana kichupa cha kupimia: tone moja juu ya chumvi nzuri huigeuza rangi ya buluu au zambarau.

Nina ndugu anasoma au anafanya kazi karibu na kinu. Nimwambie nini?

Aingie ndani ya nyumba ya tofali au zege, afunge madirisha, azime feni na kiyoyozi, akae chumba cha katikati. Kama alikuwa nje, avue nguo za juu mlangoni na kuzifunga kwenye mfuko wa plastiki. Hilo peke yake huondoa sehemu kubwa ya vumbi. Kisha aoge kwa sabuni na maji ya uvuguvugu bila kujisugua kwa nguvu. Ale chakula kilichokuwa kabatini, aache mboga za majani za nje na maziwa mabichi. Maji ya mvua ya paa yasikingwe: bomba la mfereji litenganishwe na tangi. Kuchemsha huua vijidudu, mionzi haiondoki. Asikimbie barabarani kabla ya kuagizwa.

Na samaki, na magari ya Japani?

Samaki wa kwetu wanatoka Bahari ya Hindi, na Fukushima iko Pasifiki. Japani hairuhusu kuuza chakula cha kawaida chenye sesiamu ya mionzi inayozidi bekereli 100 (kipimo cha mionzi) kwa kilo, na baada ya 2011 bandari zake zilianza kupima magari ya mitumba kabla ya kuyapakia. Hapa nchini anayepima mionzi kwenye bidhaa ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania.

Basi tetemeko halituhusu?

Linatuhusu, kwa upande wa bahari. Tsunami ya 26 Desemba 2004 ilianzia Sumatra, ikafika pwani ya Tanzania saa kama tisa baadaye na kuua watu. Agosti 2020 tetemeko la kipimo cha 6.0 hivi lilitokea baharini kusini-mashariki mwa Dar es Salaam. Ukiwa ufukweni Lindi, Mikindani au Shangani, ukahisi ardhi inatikisika kwa muda mrefu, au ukaona maji yanakauka ghafla na samaki wanabaki mchangani, usiende kuokota. Panda mlimani kwa miguu, ubaki huko saa kadhaa, maana wimbi la pili au la tatu huweza kuwa kubwa kuliko la kwanza. Usishuke mpaka Mamlaka ya Hali ya Hewa itangaze kuwa hatari imepita.