Mafuriko ya Bukavu yanaanzia huko juu, si hapa chini maji yanapojaa

Ndugu zangu wa Bukavu, kazi yangu ni mifereji na vyoo, na kila mvua ikirudi mwezi wa Septemba ofisi yetu inasikia ombi lile lile, mkuje mzibue kanivo (mfereji wa maji ya mvua) ya hapa kwetu. Tunazibua, mvua kubwa ikipita imejaa tena. Sababu iko kwenye mlima.

Ziwa Kivu liko mita kama 1,460 juu ya bahari na kartye (mitaa) za Kadutu zimepanda juu yake sana, kwa hiyo maji yetu hayakai, yanakimbia, na udongo wetu mwekundu ukishakanyagwa haunywi maji haraka. Fanyeni hesabu hii: bati la mita 5 kwa 8, mvua ya milimita 30, ni lita 1,200, yaani bidoni 60 za lita 20, nyumba moja tu! Weka nyumba zote za avenyu zilizobanana, kila moja inamwaga kwenye kinjia kimoja, halafu yote yanateremka pamoja kwenye mfereji uliojengwa wakati kule juu kulikuwa na mashamba.

Ukitaka kuona kanivo inavyoziba, nenda kando ya mto Kahuwa ukaangalie kwa karibu. Inaanza na sashe (kifuko cha plastiki) moja inayonasa kwenye jiwe au kipande cha chuma na kutanda kama pazia, mchanga unatua nyuma yake, kisha chupa, kisha majani ya ndizi, na mvua inayofuata maji yanaruka barabarani na kuingia nyumbani kwa watu. Sashe zilikatazwa na serikali tangu Desemba 2017 na bado tunazipewa sokoni kila siku. Zile zinazopita zinafika ziwani, zinashuka mpaka kwenye mtambo wa umeme wa Ruzizi I na kubana mashine, na sote tunabaki gizani.

Sasa kinachoniuma zaidi. Kuna watu wanangoja mvua ya usiku ndio wafungue shimo la choo litelemkie kwenye kanivo. Mama wa chini asubuhi anachota maji ziwani, watoto wanacheza kwenye tope lile, na kolera huku Kivu haijawahi kutuacha. Najua kuondoa uchafu wa choo kilichojaa ni pesa, lakini vyoo vingi tunavyokagua vinajaa mapema kwa sababu maji ya bati yanaingia shimoni. Inueni mdomo wa shimo, zungushieni kamfereji, bati limwage mbali, choo kitadumu zaidi.

Kwa maji ya bati yenyewe, pipa moja la lita 200 chini ya kila paa linasaidia, mawili ni bora, na maji hayo ni ya kufua na kupiga deki. Ila msichimbe mashimo ya kunywesha maji ardhini pale ambapo udongo unateleza, kama Funu, au ambapo ukuta na ardhi vina nyufa, maana hapo maji yakiingia ndani mlima unapata uzito na kushuka na nyumba. Hapo maji yapelekwe nje kwa kanivo ya simenti yenye ngazi ngazi, kila ngazi inayapunguzia mbio, na juu yake pachimbwe shimo la kutegea mchanga ambalo mtu wa avenyu analichota baada ya kila mvua.

Kuhusu salongo, yaani kazi ya pamoja ya usafi, wakubwa wa avenyu wa juu na wa chini wapange siku moja. Wa juu wakizibua peke yao wanawatumia wa chini maji yenye mbio zaidi, wa chini wakizibua peke yao wanapokea mchanga wa wa juu. Mdomo wa chini ufunguliwe kwanza, halafu kazi ipande. Na lile tope mnalotoa msiliache ukingoni likauke, libebwe siku ile ile, hata kwa mikokoteni, maana mvua ya jioni italirudisha lote ndani.