Ndoo mbili jikoni kabla masika haijaanza

Ndugu wananchi, masika inakaribia na simu za malalamiko zimeshaanza: mtaro umeziba, gari la taka halijapita, jirani anachoma taka usiku, na karibu kila anayepiga anamalizia na "ada tunalipa". Sawa, mnalipa na tunashukuru, ila ada inalipia taka kutoka kwako mpaka dampo basi, hailipii mtu wa kukuchambulia taka.

Taka za majumbani hapa Dar zaidi ya nusu ni za kuoza, maganda ya ndizi, mabaki ya mboga, ukoko, vichwa vya samaki. Ukizitia kwenye kiroba kimoja na maboksi na chupa za maji, kesho yake boksi limelowa halina mnunuzi, chupa imejaa mchuzi na mwokota makopo anaipita. Kiroba kizima kinaenda dampo la Pugu Kinyamwezi, kinafukiwa na viroba vingine, hewa haifiki, na kinachoozea humo kinatoa methane, gesi ambayo ukiihesabu kwa miaka 100 inapasha joto dunia karibu mara 28 ya kaboni dayoksaidi kwa uzito uleule, bado hujagusa yale maji meusi yanayochuruzika ardhini. Kwa hiyo ile "si itaoza tu" naomba tuiache.

Na dampo huwa lina majirani. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilishitaki jiji Mahakama Kuu kwa ajili ya moshi na harufu wakashinda, hatimaye dampo likaenda Vingunguti, baadaye Mtoni, baadaye Pugu.

Swali ninaloulizwa kila mkutano wa mtaa: "nitenganishe ili gari lenu likachanganye?" Ni kweli, maeneo mengi gari ni moja, sitawadanganya. Ndiyo maana kikavu kisipande gari kabisa. Ndoo ya kwanza ya maganda na mabaki, wafugaji wa kuku na wa funza wa kulishia mifugo wanaitaka, au shimo la mboji kama una uwanja. Ndoo ya pili chupa, makopo, maboksi, umesuuza kidogo, huyo kijana wa guta akipita mpe au muuzie. Kinachobaki ndiyo cha gari, na utashangaa kilivyo kidogo.

Pampasi ni za gari. Siyo za chooni wala mtaroni, tukizibua mitaro ndizo tunazotoa, zimevimba kama mito. Halafu kuna wanaosubiri mvua inyeshe ndo wanatoa viroba, eti maji yatabeba, yanabeba kweli, yanapeleka mto Msimbazi, na Jangwani pakijaa mnatupigia sisi.

Sasa mifuko ya plastiki ya kubebea. Kuna uvumi kwamba marufuku imelegea, haijalegea, kanuni za mwaka 2019 zilizoanza tarehe 1 Juni 2019 zipo. Ukikutwa unao au unautumia, faini ni kuanzia sh 30,000 mpaka 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Muuzaji ni 100,000 mpaka 500,000 au kifungo kisichozidi miezi mitatu. Kiwandani na kuingiza nchini huko ni mamilioni. Vile vifungashio laini vya karanga na ubuyu vipo kwa ajili ya kufungashia bidhaa, muuza nyanya akikuwekea nyanya humo ubebee nyumbani hapo kimeshakuwa mfuko, na "nimepewa tu dukani" siyo utetezi.

Kwa wanaotupa ovyo: unaandikiwa notisi, inataja kosa na kifungu cha sheria ndogo ya halmashauri yako (viwango vinatofautiana, uliza ofisi ya kata), unapewa kontroo namba, unalipa benki au kwa simu, unachukua risiti unaitunza. Usipolipa ndani ya muda, jalada linaenda mahakamani. Mgambo hapokei hela mkononi, narudia, hapokei, akidai mpigie mtendaji wa kata hapohapo, usinisubirie mimi mkutanoni na hadithi ya mwezi uliopita.

Makochi na magodoro chakavu toa taarifa serikali ya mtaa kabla hujayatoa nje, yana utaratibu wake na kwa kawaida gharama yake. Friji bovu msimpe mtu wa skrepa alikate bomba la shaba pale uani, ule mvuke unaotoka psss ni gesi ya kupozea, na hata ile ya R134a ambayo haitoboi ozoni inapasha joto zaidi ya mara 1,000 ya kaboni dayoksaidi. Tafuta fundi mwenye mashine ya kunyonya gesi kwanza. Betri za sola na za gari zirudi dukani au kwa mnunuzi mwenye kibali zikiwa na maji yake ndani, usiyamwage, yana asidi na madini ya risasi na watoto wanacheza hapo chini.