Malimwengu ya Wagiriki si yale ya kwenye filamu

Dhana: Alexander Mkuu alilia kwa sababu dunia za kuteka zilikwisha.

Ukweli: Habari ya Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale, ni kinyume chake. Alexander alimsikia mwanafalsafa Anaxarchus akieleza kwamba malimwengu hayana idadi, machozi yakamtoka. Alipoulizwa kulikoni, akajibu: yako mengi kiasi hicho, nasi hata moja hatujalitawala.

Dhana: Basi Wagiriki ndio waanzilishi wa ulimwengu sambamba, ule wa filamu ulio kando ya wetu bila kukutana nao.

Ukweli: Malimwengu mengi, ndiyo; sambamba, hapana. Democritus wa Abdera, wa karne ya 5 K.K., alifundisha kwamba kuna atomu na utupu tu, na vyote havina kikomo. Atomu zikisongamana na kuzunguka kwa kasi, huzaliwa ulimwengu wenye ardhi na anga lake. Kwingine hakuna jua wala mwezi, kwingine majua ni mengi, kwingine hakuna mnyama, mmea wala unyevu. Na malimwengu hayo huweza kugongana yakaangamia. Sasa vitu vinavyogongana vitaitwaje sambamba? Vyote vimo katika utupu uleule, vikitenganishwa na umbali tu. Hakuna mlango wa siri wa kupenyea upande wa pili.

Dhana: Pacha wako anayeishi kwingine ni ubunifu wa waandishi wa leo.

Ukweli: Hapa wenye filamu wana babu. Cicero, mwandishi Mrumi wa kale, anasimulia kwamba kwa Democritus baadhi ya malimwengu yanalingana kabisa, hata watu wake. Atomu zisizo na mwisho lazima zirudie mpangilio, ndiyo hoja. Ila pacha huyo hakuzaliwa, kama kwenye filamu, kwa sababu wewe ulipanda basi hili ukaacha lile. Ulimwengu unaogawanyika uliingia kwenye fizikia mwaka 1957 na Mmarekani Hugh Everett, naye alikuwa akishughulika na upimaji wa chembe ndogo mno, si majuto ya mtu.

Dhana: Wagiriki wote waliafiki kwamba malimwengu ni mengi.

Ukweli: Plato alikataa. Aristotle naye akasema udongo una mahali pake pa asili pamoja tu, katikati ya ulimwengu. Ulimwengu wa pili ungekuwepo, udongo wake ungeporomokea huku kwetu. Hoja nzuri, kusema kweli, ukikubali msingi wake. Ilishika vyuo vya Ulaya, ikatikiswa mwaka 1277, askofu wa Paris alipopiga marufuku kufundisha kwamba Mungu hawezi kuumba malimwengu mengi.