Maji ya Materuni hayatoki kwenye barafu

Juzi tena. Tumefika kwenye maporomoko ya Materuni, huku juu ya Moshi, mgeni kutoka Dar akachovya mguu bwawani, akaruka nyuma: "Kaka, hii ni barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kabisa!" Wenzake wakaitikia, mmoja akarekodi video akiwaeleza wafuasi wake hivyo hivyo. Nimechoka kusahihisha kwa mdomo, basi nimeandika.

Tuanze na kalenda. Kama mto huu ungelishwa na barafu, ungefurika Februari, jua linapowaka. Njooni Februari mwone ulivyokonda. Aprili na Mei, Kibo imejifunika wingu na hakuna anayeota jua, ndipo maji yananguruma hata mtu na mwenzake hawasikizani. Mto unafuata mvua. Masika ikinyesha vizuri unajaa, vuli ikikosa watu wa Uru, huku tuliko, wanajua mapema.

Na mvua yenyewe hainyeshi kule mnakodhani. Kileleni, mita 5,895, ni pakavu kama jangwa: kwa mwaka haifiki milimita 200. Moshi mjini tunapata mara kadhaa ya hapo. Lakini upande huu wa kusini, kwenye msitu wa mita 2,000 na ushee, mwaka unaweza kupita milimita 2,500. Sasa pigeni hesabu ya eneo. Barafu ya Kibo, iliyokuwa takriban kilomita za mraba 12 mwaka 1912, ilishuka chini ya 2 kufikia 2011. Msitu ni kama kilomita za mraba 1,000. Tena sehemu kubwa ya barafu ile haiyeyuki ikatiririka. Hewa ya juu ni kavu mno, barafu inageuka mvuke moja kwa moja na kupotelea angani. Inaondoka bila kupita Materuni.

"Mbona maji ni ya baridi?" Kwa sababu yametoka juu. Kila ukipanda mita 1,000 unapoteza takriban nyuzi 6 za joto, na maji haya yanapita kwenye udongo na chini ya miti yakija huku bila kuonana na jua. Basi. Hakuna muujiza.

Kinachoniudhi hasa ni hiki: watu wanaililia barafu, msitu hawautazami. Tukishavipita vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, vikibaki nyuma, geuza macho juu uone ukungu unavyokaa kwenye miti. Ule nao ni maji. Majani na zile ndevundevu zinazoning'inia matawini hunasa matone ya ukungu, yanadondoka, udongo unayanywa na kuyaachia taratibu. Ndiyo maana mto haukauki Septemba ingawa mvua kubwa iliisha Mei. Juu zaidi kuna miti ya erika, nayo hufanya kazi hiyo hiyo, ila inashika moto upesi. Andreas Hemp, mwanaikolojia Mjerumani aliyeusoma mlima huu kwa miaka mingi, ameonyesha jinsi moto ulivyousukuma chini mpaka wa juu wa msitu tangu miaka ya 1970. Palipokuwa na miti sasa ni vichaka, na kichaka hakikamati ukungu kama mti. Oktoba 2020, mlima ulipowaka kwa siku kadhaa, simu nilizopigiwa na wageni zilikuwa za kuuliza kama theluji imepona. Theluji!

Tena hii si hoja ya kushindania maneno. Imani hiyo inaweza kuua mtu. Mgeni anatazama juu, anaona Kibo inang'aa, anaamua siku ni nzuri, anaingia kuogelea. Lakini Kibo iko juu ya mawingu. Wingu la mvua linakaa chini yake, msituni, mgongoni mwa ukuta huu wa mwamba ambao nyinyi mnapigia picha. Huko inaweza kumwagika saa nzima huku wewe umesimama juani. Maji yakianza kugeuka kahawia, au yakileta majani na vijiti ambavyo dakika chache nyuma havikuwepo, toka. Usiniulize kwanza, usimalizie picha. Na usisimame chini kabisa ya maporomoko siku yoyote, mawe nayo hushuka.

Barafu haichangii hata tone? Sitasema hivyo. Vijito vya juu, karibu na kambi za wapandaji, vinapata kiasi, na tone moja moja huenda likafika. Linalonisumbua zaidi ni jingine. Wazee wa hapa wanasema mto ulikuwa mkubwa kuliko huu. Nawaamini. Lakini ukinitaka nigawe lawama, kiasi gani moto, kiasi gani mvua zilizobadilika, kiasi gani mifongo (mifereji ya kumwagilia) na mabomba yanayochota huko juu kwa ajili ya watu walioongezeka, siwezi kukupa mafungu. Anayekugawia kwa uhakika wote mwulize alipimia wapi. Hata urefu wa maporomoko tunasema kama mita 80 kwa mazoea tu.

Mengine haraka haraka. Tokeni Moshi asubuhi, daladala zipo ila barabara ya juu wakati wa mvua ina utelezi, na gari dogo litawapa mazoezi ya kusukuma. Kutoka kijijini ni kama saa moja kwa miguu, mwendo wa kawaida. Raba zenye meno, si zile nyeupe za mjini. Udongo huu mwekundu hauna huruma. Juni na Julai njia imeanza kukauka na maji bado ni mengi. Kahawa mtaikaanga na kuitwanga wenyewe mkirudi, na mbege, pombe ya ndizi, ipo, lakini hiyo subirini mshuke kwanza.